Nukta mbili nyekundu

Jamani leo nimemaliza mashindano ya kutembea kwa kasi, kilomita 20, naandika nimekaa kwenye nyasi, viatu pembeni, miguu bado inatetemeka.

Kwa wasiojua, mimi ni mwanajeshi na mwaka wa saba huu natembea kwa jina la jeshi. Gwaride nipo, zamu nipo, halafu ndo mazoezi. Kabatini kambini nimebandika picha ya Matej Tóth wa Slovakia, maana naye alikuwa wa klabu ya jeshi, Dukla, na akachukua dhahabu ya Olimpiki kilomita 50 mwaka 2016.

Sasa leo, kilomita ya 14, naangalia ubao wa majaji naona namba yangu ina nukta mbili nyekundu, yaani majaji wawili wameniandikia kosa. Zote za goti!!

Mguu ukigusa ardhi goti lazima liwe limenyooka mpaka mwili upite juu yake, na ikija nyekundu ya tatu kutoka kwa jaji mwingine unaenda kusimama pembeni dakika mbili nzima huku wenzako wanapita.

Na ni goti la kushoto, lile nililoumia kwenye vikwazo wakati wa mafunzo.

Afande wangu alikuwa pale kwenye uzio. Hakupiga kelele hata mara moja, kila nikipita anagusa goti lake la kushoto tu, taratibu, basi.

Kilomita sita nikawa nasubiri kufika pale alipo tu.

Ya tatu haikuja. Nimelia mstarini.

Nyie nani aliwahi kuwashika hivyo bila kusema neno? Niambieni hapo chini, nasoma zote leo.