Siku moja na tasnifu za watu: Lubumbashi, mwezi wa saba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Anayedhani Kongo yote ni joto aje Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, mwezi wa saba, alfajiri hii, bila sweta. Umeme upo, kwa hiyo kabla ya jambo lolote nachomeka kila chenye betri: kompyuta, simu mbili, taa. Kisha nawasha mbabula, jiko la mkaa. Maji ya chai yakianza kulia, mimi niko ukurasa wa kwanza wa rasimu ya mtu.

Kazi yangu ni asista. Naendesha mazoezi, nasahihisha mitihani, na kila mwaka napewa wanafunzi wa mwaka wa mwisho niwaongoze kwenye memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo. Profesa ndiye direkta na jina lake hukaa kwenye jalada. Mimi ni ankadrere: nasoma zile rasimu ambazo profesa hatakiwi kuziona.

Ya leo ni ya kijana wa uchumi, juu ya biashara ya makala, ndivyo tunavyoita mkaa hapa. Inaanza hivi: "Tangu kuumbwa kwa ulimwengu, mwanadamu amekuwa akitumia moto." Ukurasa wa pili tuko Ulaya, viwanda vinafuka moshi. Wa tatu tuko Rio, mkutano wa mazingira wa 1992. Lubumbashi inajitokeza ukurasa wa nne, karibu na chini, kama mgeni aliyechelewa harusini.

Sichukizwi na safari yenyewe. Ninachotafuta na penseli yangu ni sentensi moja tu, ile inayosema: hiki hatukijui. Nafika mwisho wa kurasa saba, chai imepoa, sijaiona.

Saa moja na nusu asubuhi

Taksi-basi hadi mjini. Risevere, yaani kondakta, anatupanga wanne kwenye kiti cha watatu na anamwambia mama mmoja "sogea kidogo, mama yangu" kwa sauti ya mtu asiyeomba. Hakuna kusoma humu. Nashuka kituo cha Poste, viatu vimeshapata vumbi jekundu.

Saa tatu kasoro robo

Ofisi tunaigawana maasista wanne, meza mbili. Kijana wa makala tayari anangoja koridoni.

"Jambo, Asista."

"Jambo sana. Wa nyumbani?"

"Wako, Asista, asante."

Anakaa. Namuuliza swali ninalowauliza wote: "Tatizo lako ni nini?"

"Misitu inaisha, Asista."

"Hilo ni tatizo la misitu. La kwako wewe ni lipi?"

Ananyamaza. Wengi hunyamaza hapo, na siwalaumu. Tangu mwaka wa kwanza wamezoea kwamba sehemu ile ya utangulizi, ile problematiki, ni mahali pa kulia. Unapanga shida za nchi moja baada ya nyingine, barabara, maji, ajira, misitu, na ukizipanga kwa uchungu wa kutosha unaandika alama ya kuuliza, umemaliza. Lakini mateso peke yake hayafanyi utafiti. Kwamba miombo, misitu ya huku, inazidi kurudi nyuma kuzunguka mji huu, kila dereva wa lori la makala anaweza kukuambia, maana kila mwaka anakwenda mbali zaidi kupakia. Jambo ambalo kila mtu analijua linaweza kuwa msiba mkubwa na bado lisiwe tatizo la tasnifu. Tatizo la tasnifu huanza pale ujuzi unapokatika, na kukatika huko kunamgharimu mtu fulani kitu fulani.

Namwambia afunge karatasi anisimulie tu, kama anamsimulia mjomba aliyetoka Kolwezi. Hapo anafunguka. Kumbe mama yake anauza makala soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), kwa mafungu madogo. Anajua kwamba mvua zikianza bei hupanda, barabara za porini zinaharibika na kuni hazikauki. Anajua magunia yanayoingia kwa lori na yanayoingia kwa baiskeli, na kwamba gunia la baiskeli hujazwa mpaka linaota nundu. Anajua mama yake huuza siku nzima na jioni hana cha kuweka akiba.

"Faida inabaki kwa nani, basi? Kwa mchomaji kule porini? Mwenye lori? Yule wa jumla?"

"Sijui, Asista."

"Wengine wameshaandika?"

"Wameandika juu ya misitu. Juu ya mgawanyo wa bei soko la Kenya, sijaona."

"Andika hapo hapo. Uliyoyasema sasa hivi, kwa mpangilio huo huo."

Na mpangilio ndio kila kitu. Kwanza hali ilivyo, kwa aya moja, ikianzia Lubumbashi na si Edeni. Pili, waliotangulia wamegundua nini. Na juu ya makala ya Lubumbashi wametangulia wengi, hawezi kujifanya wa kwanza. Tatu, wameacha wapi. Nne, pengo hilo linamuumiza nani: hapa ni wauza rejareja, na yeyote anayetaka kupanga sera ya nishati bila kujua nani anakula nini kwenye gunia moja. Baada ya hapo swali linajitokeza lenyewe, halihitaji kusukumwa.

Kisha tunakwenda kwenye madhumuni. Yeye ameandika: "Lengo la kazi hii ni kukomesha ukataji ovyo wa misitu na kuboresha maisha ya wakazi wa Lubumbashi."

"Siku ya kutetea," namwambia, "mjumbe wa jopo atakuuliza kama ukataji umekoma."

Anacheka, ila ameelewa. Tasnifu haikomeshi kitu. Inaeleza, inalinganisha, inapima, inachunguza. Hata hivyo vitenzi vyenyewe si pambo, kila kimoja kinabeba mbinu mgongoni. Ukiandika "kupima uhusiano" umeshaahidi namba na takwimu. Ukiandika "kuelewa" umeahidi kukaa na watu na kuwasikiliza kwa muda mrefu. Wengi huchagua kitenzi kwa mlio wake, halafu sura ya mbinu inakuja na hadithi nyingine kabisa, na jopo linaanzia hapo hapo kuuma.

Tunaandika pamoja, anafuta, tunaandika tena: "Madhumuni ya utafiti huu ni kueleza jinsi bei ya gunia la makala inavyogawanyika kati ya mchomaji, msafirishaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja, kwa makala yanayouzwa soko la Kenya, Lubumbashi, katika kiangazi cha mwaka huu."

Ni sentensi moja, na ndani yake mna jambo, watu, mahali na kipindi. Malengo mahsusi matatu au manne yatafuata, lakini yote lazima yatoke tumboni mwa sentensi hiyo. Lengo lisilotoka humo ni la tasnifu ya mtu mwingine. Uzuri wa misitu na faida kwa taifa vinakwenda kwenye umuhimu wa utafiti, na aya moja inatosha.

Saa tano

Dada wa afya ya jamii. Huyu anaandika vizuri, ndiyo maana namkazia zaidi. Mada yake ni vumbi la migodi na familia zinazoishi karibu. Katikati ya ukurasa wa pili ameandika: "Hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kuhusu suala hili katika Katanga."

Sentensi hiyo ni hatari kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kuandika na ni rahisi zaidi kubomolewa. Watafiti wa hapa hapa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walipima kobalti na metali nyingine kwenye mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda, na matokeo yalichapishwa 2009: viwango vilikuwa juu sana. Mjumbe mmoja wa jopo akiijua kazi hiyo, na ataijua, dada huyu amekwisha kabla hajafungua sura ya kwanza.

"Kwa hiyo nibadilishe mada, Asista?"

"Hapana. Badilisha pengo."

Kwamba metali zimo mwilini kumeshaonyeshwa. Lakini je, mama anayeishi pale anajua nini kuhusu vumbi hilo, na nyumbani anafanya nini nalo, kwenye mboga, kwenye maji, kwenye mikono ya watoto? Hilo anaweza kulitafiti kwa miezi aliyonayo na nauli aliyonayo. Kichwa chake cha zamani kilisema "athari za uchafuzi kwa afya". Kusema athari ni kudai kwamba hiki kimesababisha kile, na hapo utahitaji kundi la kulinganisha, maabara, na pesa ambazo hakuna mwanafunzi anazo mfukoni. Tunaandika "kuchunguza maarifa na mwenendo". Anasikitika kidogo. Neno athari lina uzito wake, najua, lakini maabara ina bei yake.

Saa saba mchana

Bukari, yaani ugali, na mboga za lengalenga, upande wa pili wa barabara. Wenzangu wanabishana juu ya LMD, ule mfumo wa digrii wa lisansi, masta na udaktari, na kurasa ngapi zinatosha. Nakula.

Saa nane

Kijana wa utawala amekuja na mada nzuri kuliko zote za mwaka huu. Sheria ya madini ya 2002, ilivyorekebishwa 2018, inaipa serikali ya mahali mradi ulipo asilimia 15 ya mrabaha wa madini, mbali na fungu la serikali kuu na la jimbo. Pesa hizo zinafika kweli kwenye sekta na chefferi, maeneo ya utawala ya vijijini, ambazo zamani hazikuwa na bajeti ya maana. Zinatumikaje?

Lakini yeye hakuuliza hivyo. Yeye ameandika: "Kwa nini chifu amekula pesa za wananchi?"

Namwambia hiyo ni hukumu iliyovaa alama ya kuuliza. Jibu limo ndani ya swali, sasa atakwenda uwanjani kutafuta nini? Na atakapomkabidhi chifu barua ya utafiti yenye kichwa hicho, nani atamfungulia kabati la hati? Huenda pesa zimeliwa, sikatai, mimi pia naishi katika nchi hii. Ila tatizo linapoandikwa linapaswa kuacha nafasi ya kukuta kitu ambacho hukukitarajia: kwamba pesa zilifika kwa kuchelewa, kwamba zilijenga shule isiyo na walimu, kwamba hakuna anayejua kusoma ile bajeti.

"Umeshakwenda huko?"

"Bado, Asista."

"Basi madhumuni yangoje. Nenda uone kama kuna hati utakazoruhusiwa kusoma. Hakuna hati, tutaandika sentensi nyingine."

Hili halimo kwenye vitabu vya mbinu vya kutosha, nionavyo mimi. Wanafundisha kuandika tamko la tatizo kana kwamba linashuka likiwa kamili. Kwa kweli unaliandika kwa penseli, unakwenda, unarudi, unalisahihisha, na toleo la mwisho unaliandika wakati sura nyingine zote zimeshasimama.

Saa kumi na nusu jioni

Napitia sekretaria publiki, duka la kuchapa hati, kuchapisha mitihani. Mama anayechapa hapo ameandika tasnifu nyingi kuliko profesa yeyote wa mji huu. Anazijua sura zilivyo. Ananiambia siku hizi wateja humletea utangulizi wa ndugu zao ndani ya flashi na kusema: "Mama, badilisha jina la mji." Namuuliza kuhusu ule wa moto na kuumbwa kwa ulimwengu. "Aa, huo!" anasema. "Huo niliuchapa na Likasi, niliuchapa na Kipushi."

Saa moja na nusu usiku

Umeme umekwenda. Kompyuta ina nusu betri, naitumia kwa ukurasa wangu mwenyewe, maana na mimi nina tasnifu ya udaktari inayonisubiri na profesa mwenye kalamu nyekundu.

Simu inalia: ujumbe wa sauti wa kijana wa makala. Ameonyesha sentensi mpya kwa direkta wake, direkta ameipenda, lakini anataka hipotesi. "Asista, wewe ulisema utafiti wa kueleza tu hauhitaji hipotesi. Sasa nifanye je?"

Nilisema, na bado naamini. Swali linaloanza na "jinsi gani" halina haja ya jibu la kubuni kabla ya kwenda sokoni. Ila utamaduni wa hapa una mpangilio wake: hali ya maarifa, tatizo, hipotesi, uchaguzi wa mada, mbinu, mipaka, mgawanyo wa kazi, na sehemu ikikosekana jopo linaiona kabla halijasoma. Ninamjibu kwa maandishi, mega za intaneti zimebaki kidogo: "Andika hipotesi moja, fupi: sehemu kubwa ya bei inabaki kwa wasafirishaji na wauzaji wa jumla. Ukikuta sivyo, sema sivyo. Na direkta umwambie asante, anayetia sahihi ni yeye."