Ctrl+C iliyonimalizia bando

Aliyenifundisha kompyuta aliniambia, "Dada, wewe shika Ctrl+C na Ctrl+V tu, kompyuta zote ni hizo hizo." Nilimwamini miaka mingi, mpaka nilipoweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux unaoendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye laptop kuukuu ya pale steshenari.

Usiku ule nilikuwa nashusha faili la GB nne na ushee kwa wget, programu ya kushushia mafaili, kwenye lile dirisha jeusi la amri. Bando la usiku, kama elfu tatu au nne hivi. Imefika asilimia 87. Juu kidogo nikaona anwani ya faili, nikataka kumtumia mwenzangu. Nikaiburutia kipanya ikapata kivuli, nikabonyeza Ctrl+C ili niinakili. Ikatokea alama ^C, mstari wa asilimia ukasimama pale pale. Nikakaa nikisubiri, nikidhani mtandao umekatika. Kumbe nimekata mwenyewe! Kwenye dirisha lile Ctrl+C ni amri ya kusimamisha programu inayoendelea. Nikarudia amri, ikaanza sifuri, kwa sababu sikujua kuongeza -c ili iendelee ilipoishia. Bando likaisha njiani.

Humo unanakili kwa Ctrl+Shift+C, unabandika kwa Ctrl+Shift+V. Mtu angenitajia hiyo Shift moja tu!

Wenye Mac hawapatwi na hili. Wao wananakili kwa Command+C, kitufe kilicho jirani na kile kirefu cha nafasi, hata ndani ya dirisha la amri, na Ctrl inabaki na kazi yake ya kukata. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wenye akili kuliko yote.

Lakini Linux nayo ina jambo ambalo sasa siwezi kuliacha. Ukishayapitisha maneno kipanya yakapata kivuli, tayari yamenakiliwa. Nenda unapotaka, bonyeza gurudumu la kipanya, yanashuka. Na hifadhi hiyo ni tofauti na ya Ctrl+C. Kwa hiyo nikijaza fomu ya mteja, jina lake nalichukua kwa Ctrl+C, namba ya simu naitia kivuli tu, kisha kwenye fomu namwaga vyote viwili bila kurudi nyuma. Ila usitie kivuli kitu kingine katikati, kile cha kwanza kitapotea. Bonyeza gurudumu, usilizungushe. Wengi hawajui kwamba nalo ni kitufe.

Mashine ya Windows 10 pale kaunta naitumia kwa Windows+V. Inakuletea orodha ya ulivyonakili, hadi 25, ukishaiwasha mara ya kwanza. Ni raha kwa CV. Ila kila jioni kabla sijafunga duka naifungua na kufuta vyote, maana humo zimo namba za NIDA za wateja wa kutwa nzima.