Watu Wote Wanakutafuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Marko 1:37 imenikaba. Simoni na wenziwe wanamkuta Yesu mahali pasipokuwa na watu, alfajiri mbichi, wanamwambia, "Watu wote wanakutafuta." Nilikuwa bado naitafakari pale mwenzangu wa zamani kazini aliponipigia simu. Hakuzunguka mbuyu. Wodi imebaki na watu wachache, zamu za usiku zinawamaliza, na wapo wagonjwa wanaouliza yule dokta amekwenda wapi. Rudi, kaka. Nikamwambia nipe muda niliombee. Usiku usingizi ukagoma, na kilichoninyima usingizi hakikuwa ile wodi. Ni utamu niliousikia moyoni nilipoambiwa kwamba bado natafutwa.

Wengi wenu mnaijua habari yangu. Nilikuwa afisa tabibu kwa miaka mingi, nikaandika barua ya kuacha kazi, na sasa nafundisha watu kutulia, kupumua taratibu na kunyoosha viungo bila kujiumiza. Kipato kimeshuka, hilo sifichi. Duka la mama watoto ndilo linalotuvusha mwisho wa mwezi. Mama mkwe wangu kule Magu hajalikubali mpaka leo. "Dokta mzima anafundisha watu kupumua! Kwani kuna asiyejua?" Namheshimu mama. Nasalimia, nakula ugali na sato wake, nanyamaza.

Lakini mtazameni Yesu. Jioni iliyotangulia mji wote wa Kapernaumu ulikusanyika mlangoni, akaponya wengi. Kulipokucha foleni ipo tena. Nani kati yetu, akiwa na uwezo ule mkononi, asingerudi? Mhudumu yeyote wa afya angerudi mbio, maana ndivyo tulivyolelewa kazini: mgonjwa akiita, unaacha hata chai yako mezani. Yeye akajibu, "Twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea." Hakuwachoka watu wa Kapernaumu, wala hakudai kwamba wagonjwa wamekwisha. Alikuwa ametoka kuomba, anajua alichotumwa, basi. Kutafutwa na watu hakukumpangia siku yake.

Na yule mama aliyedamka na mtoto mwenye homa mgongoni, akafika mlangoni akakuta Mwalimu ameshaondoka? Marko hatuambii alirudije nyumbani. Mimi huwa namfikiria sana huyo mama, na jibu sina. Mwenzangu nimemjibu kwamba sirudi, na huyo mama bado namfikiria.

Kwa hiyo asiseme mtu kwamba nawashawishi wauguzi na matabibu waache kazi. Hasha! Mwanza hii bado inawahitaji, na Ukerewe, na visiwa vyote vile ambavyo mgonjwa anasubiri chombo cha asubuhi. Ila ninyi mlio kazini nawaombea, kwa maana kuchoka kwenu nakujua kwa jina. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu huu wa kazini katika orodha yake ya magonjwa, likaeleza kwamba si ugonjwa bali ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa. Yesu alikwisha kuwaona mitume wake hawana hata nafasi ya kula, akawaambia njoni mkapumzike kidogo. Ipo Marko 6:31. Kaisomeni kabla ya zamu.

Kuna waliokuja kuniuliza pembeni kama haya ninayofundisha si dini ya kigeni. Swali ni halali, sitalikwepa. Huu utulivu wa kufundishwa kama tiba uliingia hospitalini Marekani mwaka 1979, pale Jon Kabat-Zinn, ambaye ni mwanasayansi wala si daktari, alipowaanzishia darasa wagonjwa wa Massachusetts wenye maumivu yasiyokwisha. Alichota kwa walimu wa Kibudha. Mimi nimechukua kukaa kimya na kupumua, nikakaa navyo chini ya Zaburi 46: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Pumzi hii alitupulizia Bwana puani, Mwanzo 2:7, haina mwenyewe mwingine. Ambaye dhamiri yake bado inamsuta asije kwanza, wala simhesabu kuwa mpinzani.

Darasa lenyewe halina maajabu. Viti vya plastiki vya ukumbi wa kanisa, madirisha wazi, watoto wanachungulia. Wengi ni kina mama wa dagaa, mgongo umeshazoea kuinama tangu mitumbwi inapoingia alfajiri mpaka dagaa waanikwe, wageuzwe, waanuliwe. Nawaambia kaa, nyayo zote mbili sakafuni, mkono mmoja tumboni juu ya kanga. Vuta pumzi mpaka mkono uinuke. Sasa itoe polepole, iwe ndefu kuliko ulivyoivuta. Nawashikisha mapigo yao wenyewe kwenye kifundo cha mkono, wasikie: ukivuta pumzi moyo unakimbia kidogo, ukiitoa unapunguza mwendo. Wa kwanza kusikia hucheka kwa mshangao. Kisha mabega, shingo, mikono juu taratibu, hakuna kushindana. Na darasa hujaa zaidi siku za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka taa hazivuti dagaa na wavuvi hulala nyumbani. Nimewaza mara nyingi kwamba Mungu aliwawekea watu wa ziwa mapumziko angani, na sisi wa ofisini tukajinyima ya kwetu kwa hiari.

Nilitaka kuendelea na habari ya Eliya chini ya mretemu, jinsi alivyolala usingizi, malaika akamgusa na kumwambia inuka, ule. Lakini kuna jambo limetokea Jumamosi iliyopita na siwezi kulipita.

Mama mmoja, nampenda kwa bidii yake, alikuja amechangamka. Huwa na kipimo cha presha mezani, nikampima kabla ya kuanza: 190 kwa 110, juu mno. Nikapima tena mkono wa pili. Vilevile. Nikamuuliza vidonge vyako vipi, mama? Akanijibu akitabasamu, "Nilishaviacha, dokta. Nimeombewa, na hii pumzi yako inanitosha."

Wapendwa, hapa sitabembeleza mtu. Pumzi yangu haitoshi! Inasaidia, inatuliza, inaweza kushusha presha kidogo, lakini haichukui nafasi ya kidonge ambacho tabibu amekuandikia ukimeze kila siku. Presha kwa kawaida haiumi. Unajisikia mzima kwa sababu dawa inafanya kazi, halafu kwa uzima huohuo unaiacha dawa, na siku mshipa ukipasuka kichwani tunakubeba umepooza upande mmoja, mdomo umekwenda kando, huwezi kutaja jina la Yesu uliyesema amekuponya. Nimewapokea watu hao. Nimewapokea usiku, na ndugu zao wakilia, "Mbona alikuwa amepona?"

Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu mwenyewe akajibu na kumwongezea miaka 15. Maombi gani mnataka zaidi ya hayo? Na bado Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Ahadi ipo, na dawa ipo, chumba kimoja, mgonjwa mmoja. Nabii hakuona aibu. Sisi tunaona aibu gani?

Na nisiseme na mama huyo peke yake, maana hakujifundisha mwenyewe. Mtu akisimama kwenye ushuhuda akasema ametupa dawa, tunapiga makofi na vigelegele. Mwezi unaofuata ni nani kati yetu anayekwenda kubisha hodi kwake kumwona hali yake? Wazee wa kanisa, nasema kwa heshima: mwenye ushuhuda wa kupona aende kliniki apimwe, daktari ndiye apunguze au aondoe dawa. Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.

Mama tulimpeleka siku ileile na ameanza tena vidonge. Muombeeni, na mkimkuta sokoni mkumbusheni bila kumwaibisha.

Jumamosi tunaanza saa mbili asubuhi, palepale. Mwenye presha au kisukari aje na kadi yake ya kliniki na vidonge vyake mkobani, nitaviona kwa macho kabla hatujakaa kwenye viti.