Njia ya faili ikipita herufi 260

Ofisi nyingi za utalii hapa Arusha hupanga kazi zao folda ndani ya folda: mwaka, wakala, mgeni, hifadhi, siku, picha. Mpangilio huo ni mzuri, ila siku ya kukopi kila kitu kwenda diski ya nje, Windows inagoma na kudai jina ni refu mno. Lawama zote huangukia diski, na wengine hununua mpya. Diski haina kosa.

NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, hubeba njia (anwani nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski na folda zote hadi jina lake) ya herufi zipatazo 32,767, na jina la faili au folda moja linaweza kufika herufi 255. Kikomo cha 260 kiko kwenye Win32, lile tabaka ambalo programu hupitia kuiomba Windows ifungue faili. Humo zinahesabiwa herufi ya diski, nukta mbili, kila mkwaju (\), na alama ya kufungia isiyoonekana, kwa hiyo unabaki na 259. Folda mpya hubanwa zaidi. Njia yake haitakiwi kufika 248, kwa sababu herufi 12 za mwisho zimetengwa kwa jina la faili la mtindo wa zamani: herufi nane, nukta, herufi tatu.

Tangu Windows 10 toleo la 1607, la mwaka 2016, kikomo hiki kinaondoleka. Ingia regedit, programu ya kuhariri rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), kama msimamizi, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\FileSystem, weka LongPathsEnabled ya aina ya DWORD kuwa 1, halafu uzime mashine na kuiwasha, maana programu iliyokwisha kuanza hushikilia thamani ya zamani.

Wengi huishia hapo na kushangaa hali haijabadilika. Programu nayo lazima itangaze kwenye manifesti yake (maelezo ambayo mwandishi wa programu huambatanisha nayo), kwa kipengele longPathAware chenye thamani true, kwamba inaziweza njia ndefu. Kimoja kikikosekana, 260 iko palepale. File Explorer yenyewe bado hukwama hata baada ya kuweka LongPathsEnabled kuwa 1. Watumiaji wa Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, wana swichi yao: git config --global core.longpaths true.

Kwa wenzangu tunaoandika programu za mezani, manifesti bila kusafisha kodi ni hatari. Tafuta kila mahali penye wchar_t njia[MAX_PATH], yaani nafasi iliyotengewa herufi 260 tu. Njia ikizidi hapo, ama inakatwa kimyakimya ama inamwagikia kumbukumbu ya jirani. Iite GetFullPathNameW, funksheni ya kupata njia kamili, kwanza kwa ukubwa wa 0, itakurudishia nafasi inayohitajika; tenga kiasi hicho, kisha iite tena. Tumia funksheni zinazoishia na W.

Kwa mashine ambazo huwezi kugusa rejista, kwenye programu yako tanguliza \\?\ mbele ya njia, kama \\?\D:\Wageni, au \\?\UNC\seva\wageni kwa folda ya mtandaoni. Ukiitanguliza, Windows haikusafishii tena njia: mkwaju wa / haugeuzwi, na alama ya .. ya kurudi folda ya juu inachukuliwa kama jina. Kwa hiyo nyoosha njia kwanza, ndipo uweke kitangulizi.

Kuna jambo ambalo naona tunalipuuza. Programu yako ikifanikiwa kuandika faili lenye njia ya herufi 300, dada wa mapokezi anaweza kushindwa kulifungua, kulihamisha wala kulifuta kwa programu nyingine. Mwonye kabla ya kuhifadhi, na ujumbe wa kosa uoneshe njia nzima pamoja na idadi ya herufi zake. “Imeshindikana” peke yake haimsaidii mtu.

Kwenye majina ndiko kwenye nafuu ya haraka. “Picha za Ngorongoro siku ya tatu asubuhi” inakula herufi 40. “NGO-S3” inakula 6. Angalia pia zipu: ukiifungua kwa Extract All, mara nyingi unapata folda yenye jina la zipu, na ndani yake nyingine ya jina lilelile.

Kama mafaili yameshakwama, robocopy, amri ya Windows ya kukopi, huzimudu njia ndefu:

robocopy "D:\Wageni" "E:\Wageni" /E

Badala ya /E usiweke /MIR bila kufikiri, kwani hufuta kule mwisho kila kisichokuwepo mwanzo. Ukitaka kufungua faili moja tu, fupisha njia kwa kuipa folda herufi ya diski ya muda:

subst W: "D:\Kampuni\Wageni\2025"

Fungua W:, fanya kazi yako, halafu uiondoe kwa subst W: /d. Usipoiondoa, itapotea yenyewe mashine ikizimwa na kuwashwa, kwa hiyo usielekeze njia ya mkato wala bakapu ya usiku kwenye W:.