Ngazi ya koili 10, wiki ya tatu: volti zimekataa kugawana sawa

Kwa ambao hamkuwepo mwanzo, hii ngazi (mfano wa mizunguko ya transfoma, nimeujenga kwa koili kwenye ubao) ilianzia kwa fundi wa kusuka mota na transfoma hapa Moshi, Majengo, masika yaliyopita. Alikuwa amefungua transfoma iliyopigwa na radi, nikachungulia, karatasi ya kuzuia umeme kwenye mizunguko ya juu kabisa pale laini inapoingilia imekuwa nyeusi, ukiigusa kwa kidole inabomoka, ila ukishuka kidogo tu shaba inang'aa kama mpya. Nikamuuliza, mzee, mbona pameungua hapa tu? "Mangi, huwa ndo hivyohivyo, zinaanza hizi za juu." Swali likaninyima usingizi.

Umeme wa kawaida wa hezi 50, kila mzunguko unabeba sawa na mwenzake. Radi ni habari nyingine kabisa, hata pigo la radi wanalotumia maabara kupima transfoma linafika kileleni ndani ya maikrosekunde 1.2, na koili haikubali mkondo wa kuja ghafla hivyo. Kwahiyo pigo linapita kwenye ukapasita (shaba mbili zilizokaribiana bila kugusana zinavyoshika chaji), ule wa kati ya mzunguko na mzunguko, na ule wa kati ya mizunguko na tangi lililopo ethi (limeungwa ardhini). Ukapasita wa kwanza unapitisha chaji ya wote walioko nyuma yake, wa pili umepunguziwa kidogo, wa tatu zaidi, ndo maana wa kwanza unabaki na volti nyingi kuliko wote.

Nimejenga hivyohivyo kwenye ubao: koili 10 za milihenri 1 zimefuatana, kila moja na kapasita ya nanofaradi 1 ubavuni, kila kiungo (pale koili moja inapoungana na inayofuata) kina pikofaradi 220 kwenda ethi, mwisho wa ngazi nao ethi. Nikapiga volti 10 kwa ghafla. Zingegawana sawa kila koili ingepata 1.

Kiungo cha kwanza kikasoma 5.9 wakati hesabu yangu inasema 6.3, nikahangaika usiku mzima na solda kumbe ni probu, ile waya ya kupimia, nimeiacha kwenye x1 na yenyewe inaongeza kama pikofaradi 100, karibu nusu ya ile 220 yangu ya ethi! Kuhamia x10, ambako probu inaongeza kidogo tu, 6.2. Yani koili ya kwanza peke yake imekula karibu volti 4 kati ya 10. Aisee nilifurahi.

Kilichonishtua zaidi ni katikati ya ngazi, ambako nilidhani pako salama. Panaanza chini ya volti 1, panatakiwa patulie kwenye 5, lakini kwanza pakapanda kupita 8, pakashuka, pakapanda tena, kila maikrosekunde 11 hivi. (Hiyo 11 ni ya ubao wangu tu, koili nimezitenga, hazishikani kisumaku kama za transfoma ya kweli.)

Jumamosi nikang'oa za nanofaradi 1 nikaweka za 10. Kiungo cha kwanza 8.4, koili ya kwanza sasa inabeba 1.6 tu, na katikati pametulia sana. Viwandani wanaupata ukapasita huo kwa kupishanisha mizunguko, wa mbali unalazwa jirani na wa karibu, shaba ileile tu ila mpangilio umebadilika.

Jumamosi ijayo naitoa ncha ya mwisho ya ngazi kwenye ethi, nataka nione itaruka mpaka wapi.