Baiskeli ya baba: nipige rangi au ninunue nyingine? (kumbukumbu ya mradi wangu)

Wiki ya kwanza

Naanza kuandika maana hili jambo ninalo kichwani tangu kusi lianze kuvuma na bado sijaamua. Nina Raleigh ya baba, ile ya kiume ya inchi 28, bomba la juu limelala, breki za vyuma, madigadi yote mawili yapo, alinunua mi sijazaliwa bado, enzi hizo anafanya kazi bandarini hapa Tanga. Sasa ndo naendea kazini kila siku, Mikanjuni mpaka Ngamiani, mwaka wa saba huu. Mwenye kuishi Tanga anajua, mji wote tambarare, wazee, watoto wa shule, wanawake na mabaibui yetu, wote tunaendesha. Ila hewa ya bahari na chuma hawapatani kabisa.

Kutu ilianza kwenye madigadi, ikashuka kwenye foku, sasa ipo mpaka chini pale kwenye ekseli ya pedeli, ukipitisha kidole rangi inabanduka magamba magamba. Mama kila akiniona naipangusa ananiambia "mwanangu, baba'ako kaitumia, na wewe umeitumia, nunua nyingine upumzike". Na kwa kweli si rangi tu. Ni nzito jamani. Mchana kusi likivuma usoni nafika nyumbani magoti yanatetemeka, na kuruka lile bomba la juu na baibui ni kazi nyingine, navaa suruali ndani siku zote.

Fundi wa rangi za magari kasema 50,000 kwa fremu, foku na madigadi. Phoenix mpya niliyouliza dukani inapita laki tatu. Kuna na zile za mtumba za kike zinazoshushwa kwenye kontena, hizo niliambiwa laki na themanini.

Wiki hiyo hiyo, Ijumaa

Leo nimeijaribu moja ya mtumba. Ya kike, bomba limeshuka chini unapanda kama unaingia chumbani, nyepesi, nimezunguka nayo mtaa mzima sijatoka jasho, nikarudi moyo umeshaegemea huko, nusura nitoe kishika uchumba pale pale.

Kilichonizuia ni tairi. Ubavuni imeandikwa 28, na yangu 28, nikajua nikinunua hiyo basi tairi zangu mbili za akiba zitafaa. Hazifai! Muuzaji mwenyewe hakujua, tulijaribu kuivisha ikawa inapwaya. Nikaja kusoma namba ndogo zilizochorwa kwenye mpira, yake inaishia na 622, yangu 635, hizo ni milimita za kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Kwa hiyo kama nawe unanunua ya mtumba usisikilize "inchi 28" peke yake, soma hiyo namba ya mwisho. 635 ndo ya Raleigh za zamani na Phoenix na zile za Kihindi, ndo maana tairi zake zinapatikana hata gengeni. 622 mi sijaiona kwenye duka la karibu.

Sikununua. Ila usiku nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu, mbona ile nyepesi hivyo na yangu nzito hivyo, tofauti ya uzito nikizinyanyua si kubwa kiasi kile.

Wiki ya pili

Hii siku sitaisahau. Nimeipeleka kwa mzee mmoja anatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini, nilienda kumuuliza fremu kama bado nzima tu, basi. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaishika, akaigeuza juu chini, akazungusha gurudumu la nyuma akanyamaza. Akachukua kitambaa cha mafuta ya taa akaifuta habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu kinachoshika spoku, hiyo habu mi miaka yote naiona donge la grisi na vumbi. Yakatokea maandishi. Sturmey-Archer, ndo jina la watengenezaji, AW, ndo aina ya habu, na pembeni 72 4.

"Baba'ako aliendesha hii na gia tatu," akaniambia. "Nani kakutolea waya?"

Mi sikujua kama ina gia! Hizo gia ziko ndani ya habu yenyewe, huzioni, nje kunatoka kimnyororo kidogo tu kwenye tundu la ekseli upande wa kulia, kinashikwa na waya mpaka kwenye usukani. Na 72 4 ni tarehe ya kutengenezwa hiyo habu, mwaka 1972 mwezi wa 4. Fundi mmoja zamani, baba akiwa ameshaanza kuumwa, aliutoa ule waya maana ulikuwa umeliwa na kutu, akakiacha kimnyororo kinaning'inia akaenda zake. Sasa hapa ndo pa kusikiliza, hii habu waya ukilegea au usipokuwepo inakaa gia ya tatu, ile nzito kuliko zote. Gia ya pili gurudumu linakwenda sawasawa na meno ya nyuma, ya tatu inaongeza theluthi, ya kwanza inapunguza robo. Yaani miaka saba nakanyaga gia ya mteremko kwenye upepo, na naisema baiskeli ya baba mbovu. Nilikaa kwenye benchi pale machozi yakanilenga.

Mzee akatia mafuta kwenye kile kitundu cha habu, mafuta mepesi ya mashine sio grisi, akasubiri, akazungusha, akatia tena. Nikamwomba anifungie waya ibaki gia ya pili. Akakataa. Kati ya pili na tatu kuna mahali ambapo hakuna gia, pedeli inazunguka bure, waya ukiteleza kidogo tu na wewe umesimama kwenye pedeli unaangukia bomba. Akaifunga kwa kuuvuta mpaka mwisho, gia ya kwanza, akasema nenda hivyo mpaka nikupatie kidude cha kubadilishia.

Nimerudi nyumbani dhidi ya upepo nimekaa kwenye siti. Miguu inazunguka haraka haraka lakini sijasimama hata mara moja.

Kununua nyingine nimeacha kuwaza hapo.

Wiki ya tatu

Tumeifungua yote. Kota pini, vile vipini vinavyokaza krenki (mikono ya pedeli) kwenye ekseli, ziligoma, tukaweka kipande cha bomba chini ya krenki kiegemee sakafuni ndo tukagonga, ukigonga hivi hivi nguvu yote inaishia kwenye gololi. Ndani pale kwenye ekseli ya pedeli kulikuwa na maji yenye rangi ya chai. Gololi 22, 11 kila upande, zote zimechimbika, mpya bei rahisi. Vikombe vyenyewe vinavyobeba gololi ni vizima na nimeshukuru sana, maana Raleigh za Nottingham, zile za kiwanda cha Uingereza, zina thredi (mizunguko ya skurubu) zake, 26 kwa inchi, wakati nyingine nyingi ni 24. Kikombe cha Phoenix kinaanza kuingia vizuri halafu ukilazimisha unaharibu fremu, na fremu ikiharibika hapo imekwisha.

Fremu mzee kaipima kwa kuigonga na ncha ya bisibisi sehemu zote, hasa chini na kwenye maungio. Inalia. Ingekuwa imeoza ndani ingetoa sauti ya bati, au bisibisi ingezama.

Sasa bomba la juu. Baba alilizungushia mpira wa tyubu nikiwa mdogo, ndo kilikuwa kiti changu, miguu upande mmoja, mikono katikati ya usukani, hivyo ndo nilivyoijua Raskazone, kule ufukweni hapa Tanga. Huo mpira sijawahi kuutoa. Nilijua chini yake nitaikuta rangi ya zamani nzima na mistari yake ya dhahabu, na nilishapanga kwamba hapo sitagusa. Nimeukata, chini yake ndo kutu mbaya kuliko popote. Maji yalikuwa yanaingia hayatoki. Nimepiga brashi ya waya, halafu msasa namba 80, 240, 400, mwenyewe, sikumpa mtu. Vishimo havikwenda ndani sana.

Wiki ya nne

Fundi wa rangi alitaka nyekundu ya kumeta na kuikwangua yote. Nimekataa yote mawili. Tumekubaliana nyeusi, na tunapaka palipokula kutu peke yake: madigadi, foku, bomba la juu na kule chini. Bomba la mbele na bomba la siti zinabaki na rangi ya kiwandani, na ile nembo ya kichwa cha korongo pale mbele nimeifunika kwa karatasi na gundi. Weusi haufanani, wa zamani umekuwa kama kahawa ukiuangalia juani. Fundi hakupenda, kaniambia dada watu watasema kazi yangu mbaya. Nikamwambia wakiuliza nitawaeleza mimi.

Kitu nilichojifunza, hapa kwetu ukimaliza msasa praima, ile rangi ya chini ya kwanza, ipigwe siku hiyo hiyo. Foku tuliiacha usiku mmoja tu, asubuhi imeshakuwa ya chungwa, tukarudia. Na rangi ikishakauka kwa kugusa bado haijakomaa, nimeiacha siku saba imening'inia ndipo tukafunga klampu za keria, maana zikibana mapema zinaondoka na rangi.

Nati na boliti nilizilaza kwenye maji ya ndimu siku moja, nikazisugua kwa mswaki, nikazipaka mafuta.

Jana

Mzee kapata kidude cha gia kwenye fremu moja mbovu aliyonayo. Kukirekebisha unaweka gia ya pili halafu unachungulia tundu la nati ya kulia, bega la kile kichuma kinachovutwa na kimnyororo liwe sawa na mwisho wa ekseli. Nimefanya mwenyewe naye amesimama pembeni.

Hesabu mpaka sasa: rangi 50,000, gololi na mafuta 9,000, kota pini 4,000, waya 3,000. Kidude mzee kakataa hela, nimempelekea samaki.

Mama kaiona asubuhi. Kaizunguka, kagusa bomba la juu, kaniuliza "ule mpira uliutupa?" Sijautupa. Upo kwenye droo, ila haurudi pale.

Imebaki mistari ya dhahabu kwenye madigadi, namtafuta mtu anayeandika mabango mwenye mkono mtulivu. Na lile bomba bado naliruka na suruali ndani ya baibui, gia ya pili.