Maksai Aliyeliwa na Chuo Chake

Tiketi ilikuwa ghali, na benchi nililopewa lilikuwa la bati, limechemka kwa jua la Septemba. Lakini nilikuwa nimefika Austin kumwona Bevo, maksai aliye nembo hai ya timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Texas. Akaingizwa na vijana wenye kofia pana, wamemshika kamba huku na huku, pembe zake zimetanda. Alipofika kwenye kona yake alilala chini akaanza kucheua, mate yakimdondoka, wala hakujali makelele ya uwanja mzima.

"Wa kwanza tulimla," akasema mzee niliyekaa naye, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo mezani.

Nilidhani ananitania. Basi mechi yenyewe sikuiona tena.

Mwaka 1916 Stephen Pinckney alichangisha dola moja moja kwa wahitimu wenzake 124, akapatikana maksai, akaonyeshwa Siku ya Shukrani walipocheza na mahasimu wao wa chuo kingine cha jimbo hilo, Texas A&M. Texas wakashinda 21–7. Februari 1917 vijana wa A&M wakamvamia usiku, wakampiga chapa ya moto ubavuni: 13–0, matokeo ya 1915, walipowafunga Texas. Dereva wa teksi alikuwa ameniapia kwamba jina Bevo lilitokana na kuichezea chapa hiyo, 13–0 ikageuzwa isomeke BEVO, ili kuficha aibu. Mzee akacheka: jina lilishachapishwa kwenye jarida la wahitimu Desemba 1916, ng'ombe hajaguswa na moto.

Kisha Marekani ikaingia vitani, na gharama za kumlisha zikawa mzigo. Januari 1920 akachinjwa, akaliwa kwenye karamu ya wachezaji. A&M nao walialikwa, wakakabidhiwa kipande cha ngozi chenye 13–0 yao. Utani wa namna hiyo mimi nauvulia kofia.

Nikamkumbuka babu. Zizini kwake kila ng'ombe alikuwa na jina, ila siku ya kuchinja aliitwa "yule mwekundu" tu, na watoto tulitumwa kisimani. Hawa walimla kwa jina lake, kisha wakalirithisha, hadi huyu wa 15 aliyeanza kazi 2016.

Nikamuuliza mzee kama huyu naye ataishia mezani.

"Huyu? Januari 2019 kule New Orleans aliangusha uzio akimfuata Uga, mbwa wa Chuo Kikuu cha Georgia. Nenda na kisu wewe, mimi nitakushikia kiti."